Gitaa la Mwenda Jean Bosco: wimbo bila maneno ambao haukupotea

Gitaa la Kongo likitajwa, watu wengi hufikiri kwanza juu ya Franco na Docteur Nico, yaani Kinshasa na Lingala. Sisi tunaosema Kiswahili tunaye mzee wetu pia, na inafaa vijana wa Bafwasende na Kisangani wamjue: Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana baadaye kama Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, makao ya mfalme Msiri wa Wayeke. Mwaka 1952 alikuwa kijana anayeishi Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta huko na gitaa lake. Katika nyimbo alizomrekodi mwaka huo, mmoja unaitwa Masanga. Ni gitaa tu linalosema.

Bosco alipiga kwa vidole viwili. Kidole gumba kilishika sauti nzito za chini, na kidole cha shahada kilicheza wimbo juu yake. Kila kidole kilikuwa na mwendo wake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Wataalamu wa muziki waliuandika wimbo huo nota kwa nota ili waelewe ulivyofanywa.

Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi tu kila upande, na dakika hizo zilitosha kumfikisha mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako ndugu yake Edouard Masengo alikuwa amekwisha kupata jina, na wapigaji wa Kenya wakajifunza mtindo wao. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Baada ya kifo chake, kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa albamu aliyoirekodi akiwa mtu mzima, gitaa lake likiwa lile lile.

Habari hii inatugusa sisi pia. Mwaka ule ule wa 1952, Tracey alifika kando ya msitu wa Ituri, jirani zetu kabisa, akarekodi Wambuti, Wabudu na Wanande. Sauti hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mjukuu wa mpigaji wa Ituri anaweza kusikia mkono wa babu yake, ijapokuwa babu hayupo tena.

Hapa kwetu mambo ni magumu zaidi. Tangu uasi wa Simba wa 1964 hadi vita vya 1998, raia wa teritwari hii wamekimbilia msituni mara nyingi. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na nguo. Gitaa na likembe hubaki nyumbani. Mzee akifa, muziki wake unazikwa naye, kwa sababu wimbo usio na maneno hauwezi kusimuliwa. Hadithi tunaweza kuirudia kwa midomo yetu, lakini mwendo wa vidole lazima usikike.

Tracey alikuja na mashine nzito ndani ya gari. Leo simu ya kijana yeyote sokoni inaweza kufanya kazi hiyo. Basi, ukimwona mzee anayepiga gitaa au likembe kwenye matanga, mwombe ruhusa, mrekodi, kisha andika mambo matatu: jina lake, kijiji chake na tarehe. Jina la Bosco limefika kwetu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeliandika siku ile. Wapigaji wengi wa wakati wake hawakupata bahati hiyo, na leo hakuna anayewakumbuka.