Ndege ya Ami Iliyokwama Arusha

Kila ndege ina majina mawili. La kwanza hupakwa rangi ubavuni, nalo hubadilika. Ndege za Kenya enzi za mkoloni zilianza na VP-K, baada ya uhuru zikawa 5Y. Za Tanganyika zilitoka VR-T zikaingia 5H. Ndege ikiuzwa nchi nyingine, herufi zinafutwa, zinaandikwa mpya. Jina la pili ni namba ya kiwandani iliyopigwa kwenye kibati kidogo, na hiyo haibadiliki mpaka ndege ife. Anayetafuta ndege ya zamani hufuata kibati, hafuati rangi.

Mimi nilikuwa naitafuta Cessna 172 ya ami yangu wa Mombasa: viti vinne, injini moja, mabawa juu. Ndiyo ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950, kwa hiyo usidhani ni kazi rahisi kuitambua moja. Ami aliinunua ili asafirishe kamba kutoka Lamu, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye dhahabu ya nyanya. Ndege ilipopotea, ndugu wakasema kaiuza kimyakimya, pesa kala. Maneno hayo yalimfuata hadi kaburini. Shangazi zangu wawili hawakufika hata kwenye hitima. Mwenyewe akiulizwa alikuwa na jibu moja tu: "Mpaka."

Na mpaka kweli ulifungwa. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways, shirika lililorusha ndege tangu 1946, lilisambaratika. Februari mwaka huo mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na magari ya watalii na ndege ndogo vikakwama upande usio wao. Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka huohuo. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Kwenye sanduku la ami nilikuta daftari la ndege. Safari ya mwisho: Januari 1977, Wilson hadi Arusha. Chini yake fundi kaandika kwamba magneto moja imekufa, kipuri kinasubiriwa. Kumbe ami alirudi Nairobi kwa basi, daftari mkononi, kufuata kipuri. Kabla hajakipata, njia ikazibwa.

Nilikwenda Arusha. Fundi mmoja mstaafu alinipeleka nyuma ya banda la mabati, na hapo ilikuwapo, mabawa yamelazwa chini, kuku wametagia kiti cha nyuma. 5Y bado inasomeka. Namba ya kibati ikalingana na ya daftari. Lakini kilichonishika ni ile saa ya dashibodi inayohesabu muda wa injini. Haisogei injini ikiwa imezimwa. Niliifuta vumbi kwa kiganja: tarakimu zilezile za daftari, hadi ya mwisho. Na injini yenye magneto mbovu ilikuwa palepale. Hata wa vipuri hakuitaka.

Basi hebu niambie, nani hununua ndege asiiwashe hata siku moja?

Nilipiga picha ya kibati, ya saa na ya ukurasa ule wa daftari, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, bila maelezo. Kimya siku nzima. Kesho yake alfajiri shangazi mkubwa akaandika: "Mwaka huu hitima ya ndugu yangu itasomwa kwangu."