Nondo wa Kangaga na Swali la Mgeni

Katika kinamasi cha Everglades, kusini mwa Florida, Marekani, mna visiwa visivyozungukwa na bahari: ni vichaka vya miti vilivyoinuka kidogo kati ya maji na nyasi. Vingi vimefunikwa na kangaga litambaalo, Lygodium microphyllum, mmea wa asili katika nchi za joto za Afrika, Asia na Australia. Mwaka 1958 ulikuwa bado kitaluni huko Delray Beach. Katika miaka ya 1960 ukaonekana porini. Jani lake moja huweza kurefuka hadi mita 30, likauparamia mti na kuunyima mwanga. Moto ukizuka, kangaga huwa ngazi ya kuufikisha vileleni. Vijimbegu vyake, mithili ya vumbi, huchukuliwa na upepo vikaote kwingine.

Kwao, mmea huo una walaji wake. Ugenini haukuwa nao. Ndipo wataalamu wakaenda kuwatafuta. Nondo wa kwanza, kutoka Australia, aliachiliwa kuanzia 2004, lakini hakudumu. Wa pili, Neomusotima conspurcatalis, naye wa Australia, aliachiliwa 2008 katika hifadhi ya Jonathan Dickinson. Huyu akazaana. Viwavi wake waliyatafuna majani hata yakawa kahawia, na tangu hapo ameenea kwa mbawa zake na kwa mikono ya watu wanaomfuga na kumpeleka mbali.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Zanzibar yajua kwamba si kila mgeni huponya. Mwishoni mwa karne ya 19 aliletwa kunguru wa Bara Hindi ale taka za mji. Akala taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wa kienyeji. Tofauti i wapi basi? I katika ulaji. Kunguru hachagui. Nondo huyu, kabla ya kuachiliwa, alifungiwa maabarani akajaribiwa kwa mimea mingine, ikabainika kwamba uhai wake wategemea makangaga ya jamii ya Lygodium.

Hata hivyo kangaga halijaisha. Huliwa likachipua tena, na kazi ya panga na dawa ingaliko. Uponyaji huu ni wa pole pole, nao ulianza kwa swali ambalo kunguru naye alistahili kuulizwa: mgeni, mbali na hicho tulichokuitia, wala nini kingine?