Hewa Itokayo Mwambani

  Leo tuna somo la historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya hewa moja iingiayo nyumbani bila kubisha hodi. Jina lake ni radoni. Namwomba mwalimu wa darasa aliandike neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa: RA-DO-NI.

Wewe uliyeko Kirumba, inua macho utazame vilimani. Waona majabali, moja juu ya jingine, na nyumba zimejengwa katikati yake. Nyumba nyingine jabali ndilo msingi wake. Mawe haya ni ya aina iitwayo itale. Mafundi wengine husema graniti. Ni mawe yenye faida. Twajengea, twaponda kokoto, twaanika nguo juu yake. Lakini ndani ya itale, popote duniani, mna chembe ndogo sana za madini iitwayo urani. Urani haikai kama ilivyo. Kwa muda wa miaka mingi isiyohesabika kwa vidole, hubadilika polepole ikawa radiamu. Radiamu nayo hubadilika ikawa radoni.

Sasa angalia jambo hili. Urani ni madini, radiamu ni madini, lakini radoni ni hewa. Jiwe haliwezi kutembea, bali hewa yaweza. Basi radoni hupenya katika nyufa za mwamba na udongo, ikapanda juu. Ikitokea uwanjani, upepo wa ziwa huitawanya. Ikitokea chini ya sakafu ya nyumba iliyofungwa, hukaa humo na kuongezeka.

Ukipita Mwaloni, pua yako hukuambia kwamba kuna dagaa. Jiko likitoa moshi, macho hukuambia. Radoni haina harufu, haina rangi, haina ladha. Ndiyo maana wanadamu waliugua kwa sababu yake kwa miaka mamia, wasijue ni nani awauaye.

Ugonjwa wa milimani

Habari zake zaanza Ulaya, katika milima iliyo kati ya Ujerumani na nchi ambayo leo huitwa Cheki. Huko kuna miji miwili, Schneeberg na Joachimsthal. Watu walichimba fedha, ile ya kutengenezea sarafu, tangu zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wachimbaji walishuka shimoni wakiwa vijana wenye nguvu. Baada ya miaka kadhaa walianza kukohoa, wakakonda, wakafa mapema. Watu waliuita ugonjwa wa milimani. Wengine walisema ni pepo wa mashimoni.

Mwaka 1527 alifika Joachimsthal daktari mmoja, Georgius Agricola. Aliwatibu wachimbaji na kuyatazama mashimo yao. Kitabu chake kikubwa cha uchimbaji kilitolewa mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo aliandika kwamba katika milima mingine ya Ulaya walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, na wote saba wakachukuliwa na ugonjwa wa mapafu. Fikiri, ndugu: bibi mmoja, matanga saba.

Agricola alidhani kosa ni la vumbi. Vumbi kweli hudhuru mapafu, lakini halikuwa adui peke yake. Hata hivyo dawa aliyoishauri ilikuwa njema. Alieleza jinsi ya kuingiza upepo shimoni kwa mivukuto, kama ile ya mhunzi, na kwa mashine nyingine. Jina la adui hakulijua, lakini silaha ya kumpigia aliiona: kupitisha hewa.

Ilipita miaka mia tatu. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, waliipasua miili ya wachimbaji waliokufa Schneeberg. Wakaona uvimbe mbaya mapafuni. Ugonjwa wa milimani ulikuwa saratani ya mapafu, ambayo wengi huiita kansa. Lakini sababu yake bado ilifichika.

Sababu ilianza kufichuka kutoka katika mashimo yale yale. Mwaka 1898 Bibi Marie Curie na mumewe Pierre, mjini Paris, walitumia mawe meusi yaliyotoka Joachimsthal, wakagundua radiamu. Mwaka 1900 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Ernst Dorn, akaona kwamba radiamu hutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo radoni. Hatimaye wataalamu waliipima hewa ya mashimoni, wakaikuta imejaa radoni.

Katanga

Usidhani kwamba habari hizi ni za Wazungu tu. Tusafiri sasa mpaka Katanga, katika Kongo, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili kama sisi. Mwaka 1915 iligunduliwa huko, mahali paitwapo Shinkolobwe, urani nyingi ajabu. Tangu mwaka 1921 Waafrika waliichimba chini ya Wabelgiji, na radiamu iliyotolewa ikauzwa kwa bei kubwa kwa mahospitali ya Ulaya. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Dunia yalijua bomu lile. Watu walioishika urani ile kwa mikono yao hawakutajwa sana.

Kutoka shimoni mpaka chumbani

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani radoni ni taabu ya wachimbaji tu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Sweden, Bengt Hultqvist, alitangaza vipimo vya nyumba za watu wa kawaida. Nyingine zilijengwa kwa matofali ya aina fulani ya mwamba wenye urani, na hewa ya ndani ilikuwa na radoni. Watu hawakushtuka sana. Matofali yale yaliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1970.

Walishtuka baadaye, huko Marekani. Mwezi wa Desemba mwaka 1984, mhandisi mmoja alikuwa akifanya kazi katika kituo cha umeme wa atomiki cha Limerick, jimbo la Pennsylvania. Mlangoni paliwekwa mashine za kuwakagua wafanyakazi, zisije zikawatoka na vumbi lenye mionzi. Kengele ikamlilia. Siku moja ikalia wakati anaingia asubuhi, kabla hajagusa kazi yo yote! Basi mionzi aliileta kutoka nyumbani. Walipopima nyumba yake waliona radoni zaidi ya mara 600 ya kiwango ambacho serikali ya huko ilikuja kukiweka. Jamaa wakahama, mafundi wakaitengeneza nyumba, nao wakarudi kukaa. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiandika radoni katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa hakika. Baada ya sigara, radoni ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya mapafu. Na mvutaji wa sigara huumizwa nayo zaidi sana kuliko asiyevuta. Ukitaka kuanza mahali rahisi, anza na sigara.

Jinsi ya kupima

Pua haipimi radoni, wala macho. Kipimo chake huitwa bekereli. Fikiri sanduku lenye urefu wa meta moja kila upande, limejaa hewa ya chumbani kwako. Kama kila sekunde chembe 100 za radoni huvunjika ndani yake, hiyo ni bekereli 100. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nyumba isizidi bekereli 100. Na nchi isiyoweza kufikia hapo, isiruhusu kupita 300.

Kuna njia mbili za kupima zitumiwazo sana. Ya kwanza ni kopo dogo lenye makaa. Ndiyo, makaa! Makaa yaliyotayarishwa maalum hunasa radoni. Kopo huachwa wazi chumbani siku mbili mpaka saba, kisha hufungwa na kupelekwa kupimwa. Ya pili ni kipande kidogo cha plastiki ndani ya kikombe. Huachwa miezi mitatu au zaidi, hata mwaka. Radoni hukichora alama ndogo ndogo, nazo huhesabiwa kwa darubini. Njia hii ya pili ni bora, kwa maana radoni hupanda na kushuka siku hadi siku. Tena, nyumba mbili jirani huweza kutofautiana sana. Kipimo cha jirani si kipimo chako.

Katika Tanzania, mambo ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003.  Darasa laweza kuiandikia barua. Hiyo nayo ni kazi nzuri ya kujizoeza kuandika.

Jinsi ya kupunguza

Sasa nasikia mtu akisema, "Bwana, tuyahame majabali?" La, hasha. Usiogope, wala usiuze nyumba. Fanya haya:

Kwanza, fungua madirisha pande mbili, upepo uingie huku utoke kule. Najua kwamba watu wa ziwani hufunga kwa sababu ya mbu, nao mbu wa malaria si wa kuchezea. Basi tia wavu dirishani, lala ndani ya chandarua, na hewa ipite. Matundu ya hewa juu ya madirisha usiyazibe kwa magazeti wala matambara.

Pili, ziba kwa saruji nyufa za sakafu, na mahali ambapo ukuta umekutana na mwamba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa methali imekuwa fundi wa nyumba. Lakini kuziba peke yake hakutoshi. Hewa ipite pia.

Tatu, kama kipimo ni kikubwa, mafundi hupitisha bomba kutoka chini ya sakafu mpaka juu ya paa, likiwa na feni ya kuivuta radoni nje kabla haijaingia chumbani. Anayeanza kujenga atumie nafasi hiyo: bomba huwekwa kwa gharama ndogo zaidi kabla sakafu haijamwagwa kuliko baadaye.

Ndugu zangu, wale wanawake wa waume saba hawakuwa na mtu wa kuwaambia jina la adui wao. Wewe umelijua, na waweza kuliandika. Mwambie na jirani yako asiyekuja darasani. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini radoni yaweza kutoka mwambani, na urani haiwezi?
2. Agricola alikosea nini, na alipatia nini?
3. Kengele ya mhandisi ilipolia asubuhi, ilionyesha nini?
4. Hesabu nyufa za sakafu yako na madirisha yanayofunguka. Andika sentensi tatu kuhusu uliyoyaona.