Jembe Walipewa, Ujira Wakanyimwa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wiki hii tuwatazame wageni waliopewa jembe, lakini walipodai ujira wakajibiwa kwa risasi.

Mahali penyewe ni Manolada, kusini mwa Ugiriki, nchi iliyokuwa imezama katika madeni. Mwezi Mei mwaka 2010 ilikubaliwa mkopo wa euro bilioni 110 kutoka kwa wenzake wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa masharti ya kufunga mkanda. Masharti ya aina hiyo sisi Waafrika tunayajua tangu miaka ya 1980. Mwaka 2012 kima cha chini cha mshahara kilipunguzwa kwa asilimia 22. Mwaka uliofuata, zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira.

Njaa ilipobisha hodi, kidole kikaelekezwa kwa mgeni. Chama cha Golden Dawn, kilichohubiri chuki dhidi ya wahamiaji, kikaingia bungeni mwaka huo huo wa 2012.

Huko Manolada, vibarua kutoka Bangladesh walikuwa wakichuma stroberi. Waliahidiwa euro 22 kwa siku ya saa saba. Walilala katika vibanda vya nailoni, bila choo wala maji ya bomba. Miezi ikapita, malipo hakuna. Tarehe 17 Aprili 2013 walikusanyika zaidi ya mia moja kudai chao. Mlinzi akafyatua bunduki; watu 30 wakajeruhiwa.

Mwaka 2014 mahakama ya Patras iliwaachia washtakiwa katika shitaka la biashara ya binadamu. Ilisema vibarua hawakuwa wamefungiwa, wangeweza kuondoka.

Waende wapi, ndugu zangu? Mtu asiye na hati, anayedai mshahara wa miezi kadhaa, akiondoka deni lake limekufa. Hiyo nayo ni pingu, ingawa haionekani.

Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona hivyo hivyo. Iliamua kwamba Ugiriki ilishindwa kuwakinga watu hao na kazi ya kulazimishwa, ikaamuru vibarua 42 walipwe fidia.

Serikali inaweza kuishiwa fedha. Lakini ufukara wa nchi haufuti jasho la kibarua, wala haumpi mwajiri ruhusa ya kumgeuza mtu mtumwa. Tutafakari hayo, hata huku kwetu.