Faan bun: kurudisha mtaji

Katika Kikantoni cha Hong Kong na Macau, mcheza kamari aliyeliwa husema anataka faan bun. Faan ni kurudi. Bun ni mtaji, ingawa maana yake ya asili ni mzizi: herufi yake ni mti wenye kistari kifupi chini, kwenye shina. Hapo ndipo uchungu wa neno ulipo, kwani aliyepoteza bun hakukosa faida tu, amekatwa mzizi. Anayemkopesha kwa riba ya kunyonya huitwa daai yi lung, “tundu kubwa la sikio”.

Kuliwa kwenyewe ni syu, sauti ileile ya “kitabu”. Kwa hiyo almanaka ya jadi, tung syu, huitwa tung sing, maana sing ni kushinda, na wacheza mahjong wengi hawapendi kitabu kiletwe karibu na meza yao.