Mikocheni Bila Mikoche: Stori ya Ardhi ya Dar

Panda daladala Dar halafu sikiliza konda anavyoita vituo. Mikocheni! Mnazi Mmoja! Mwembechai! Minazi Mirefu! Ukishuka, mikoche huioni na minazi ni ya kutafuta. Unakuta mabati, fremu za maduka na foleni. Waliotoa majina hayo hawajulikani, lakini waliacha kumbukumbu ya jinsi ardhi ilivyokuwa kabla ya nyumba kufika.

Kariakoo nayo ina yake. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, wapagazi wakapiga kambi pale. Majina yao yamepotea, la kikosi limebaki sokoni.

Sasa, jiji limekula ardhi kiasi gani? Sensa inasaidia nusu tu. Ya 1978 ilikuta watu 840,000 hivi Dar. Ya 2012 ikakuta milioni 4.36, na ya 2022 milioni 5.38. Hapo unajua watu wameongezeka, ila hujui wamekaa kwenye shamba la nani.

Mwaka 1972 Marekani ikarusha setilaiti ya kwanza ya Landsat. Kila nukta ya picha zake ilifunika kama mita 80 kwa 80, yaani nyumba ya mtu ilimezwa humo bila kuonekana. Kuanzia 1982 nukta ikashuka hadi mita 30. Mwaka 2008 hifadhi yote ikafunguliwa bure, mwanafunzi yeyote mwenye intaneti akaweza kushusha picha.

Kazi yenyewe iko hivi: unachukua picha ya zamani na ya sasa za eneo lilelile, kila nukta unaipa kundi lake: msitu, shamba, maji au majengo. Kisha unahesabu ngapi zimehama kutoka kundi moja kwenda jingine.

Ishu ni kwamba setilaiti inaona paa, haijui chini ya paa kuna nini. Bati la gereji na bati la nyumba ya kulala watoto kwake ni bati tu. Udongo mkavu huweza kuhesabiwa kuwa majengo, na nyumba iliyofunikwa na miembe ikahesabiwa kuwa miti. Kujua ardhi imefunikwa na nini ni jambo moja. Kujua watu wanaitumiaje ni jingine kabisa.

Na tofauti hiyo inaua. Bonde la Msimbazi lilipojaa nyumba, maji hayakusahau njia yake. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu Dar, na familia kadhaa zikahamishiwa Mabwepande.

Ndipo wakaja vijana ambao nao hakuna anayewataja. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo walishirikiana na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika. Droni zilipiga picha kutoka juu, wao wakaingia vichochoroni na simu mkononi. Walichora mitaro, njia na nyumba, wakawauliza wenyeji maji huwa yanafika wapi. Mama anayeonyesha alama ya tope ukutani alikuwa anajua kitu ambacho hakuna setilaiti ingemwambia mtu.

Kwa hiyo kupima mabadiliko ya ardhi kunahitaji vyote: jicho la angani, miguu ya mtaani na kumbukumbu za wakazi. Anayenunua kiwanja leo anaweza kuanza na swali la bure kabisa: hapa paliitwaje, na kwa nini? Pakiitwa Jangwani, Mtoni au Bondeni, aulize mara mbili kabla ya kumwaga zege.

Wewe mtaa wenu jina lake limetoka wapi?