Shahidi wa Ndani Aaminiwe kwa Kigezo Gani?

Chaani imezungukwa na milango ambayo wengi wetu hatuingii: gati za Kipevu, matangi ya mafuta ya Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi. Anayefanya kazi humo hutoka na habari ambazo mtaani hakuna wa kuzikanusha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeona. Siku hizi habari za namna hiyo husambaa kwa simu, zimejaa istilahi za mitambo na majina ya wakubwa wanaotuhumiwa kula njama. Makala haya yanatetea hoja moja: kuwa ndani kunampa mtu haki ya kusikilizwa, ila kuaminiwa kunategemea kama ametoa kitu ambacho hata asiyemwamini anaweza kukipima.

Mfano wa kwanza hauko mbali. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kushughulikia uhusiano na jamii katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichopakana na kijiji cha Owino Uhuru huko Mikindani. Mwanawe mchanga alipougua, vipimo vilionyesha sumu ya madini ya risasi mwilini. Omido hakuomba aaminiwe kwa sababu ya kazi yake wala uchungu wake. Alitaka watoto wengine wapimwe, nao wakakutwa na sumu hiyo hiyo. Risasi hukaa katika damu, udongo na vumbi, na vipimo vyake havibadiliki kwa kumpenda au kumchukia msemaji. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, maana unamhusu mtu mmoja katika nyakati mbili. John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa maadili na utawala bora, alijiuzulu mwaka 2005 na kufichua kashfa ya mikataba hewa ya serikali iitwayo Anglo Leasing. Alikuwa na kumbukumbu zenye tarehe na mazungumzo aliyoyarekodi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma ilimfuata London kumhoji. Mwaka 2022 aliwasilisha kiapo katika kesi ya kupinga uchaguzi wa urais mbele ya Mahakama ya Juu, kikieleza masimulizi ya kijana aliyedai kushiriki kubadilisha matokeo ya urais. Safari hii jambo lenyewe lilipimika: Fomu 34A za asili, zenye matokeo ya kila kituo cha kura, zililinganishwa na zilizowekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, na tofauti iliyodaiwa haikuonekana. Kuhusu kumbukumbu za mtambo wa kompyuta zilizoletwa kama ushahidi, mahakama ilisema baadhi ni za uchaguzi wa 2017 au ni za kughushi. Ujasiri wa Githongo haukuwa umepungua. Kilichokosekana ni ushahidi unaoweza kusimama bila jina lake.

Hapa ndipo dai la kiufundi linapopaswa kutenganishwa na dai la njama. La kwanza linasema nini kilitokea katika mtambo au udongo. La pili linasema nani alikusudia. Mtu wa ndani anaweza kulijua la kwanza kwa macho yake, na la pili akalikisia tu. Hatari kubwa ni njama isiyokubali kushindwa, ile ambayo kila ushahidi unaokosekana hugeuzwa kuwa ishara kwamba umefichwa.

Hata hivyo, taasisi nazo zina deni. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ulibatilishwa, na mahakama ikaeleza kuwa kukataa huko kulihesabiwa dhidi ya tume. Udukuzi uliodaiwa haukuwa umethibitishwa. Kilichothibitika ni kwamba mlango wa kupima ulifungwa na mwenye funguo.

Kwa hiyo msomaji wa Chaani anayepokea ufichuzi aulize: ni kipi hapa kinachopimika, nani anaweza kukipima bila idhini ya msemaji, na ni matokeo gani yangeonyesha kuwa amekosea? Dai lisilo na jibu kwa maswali hayo lisisambazwe. Lenye majibu lipimwe, hata likiwagusa wakubwa, na taasisi inayozuia kipimo hicho isidai kwamba imesingiziwa.